Uzi: Kuwatambua senene wadogo wa majani Kigoma na Tabora, kuanzia papasi hadi upanga wa kutagia

#1 PapasiNdefu

Wakuu, salaam. Picha za "panzi wa kijani, ni yupi huyu?" kutoka Kasulu, Uvinza, Nzega na Urambo ni nyingi, na majibu mengi hutolewa kwa kutazama rangi. Rangi ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Kwa wadudu hawa jina la spishi liko mkiani: kwa dume ni umbo la serki, vile vijipembe viwili vya mwisho wa tumbo, na kwa jike ni urefu na mpindo wa upanga wa kutagia. Picha safi ya ubavu iliyokata mkia haisaidii kitu.

Ninaowazungumzia ni senene wadogo wa jenasi Conocephalus, ndugu wa senene tunayemla, Ruspolia differens. Spishi nyingi za Conocephalus zina mwili wa milimita 12 hadi 20 hivi bila kuhesabu mabawa, wakati senene wa kula hufika milimita 50 na kupita ukimpima kutoka kipaji hadi ncha ya bawa. Makao yao ni nyasi mbichi, matete, mafunjo, kingo za majaruba na mabonde yanayoshika maji.

Kwanza hakikisha si panzi wa kawaida. Papasi, yaani vipapasio vya kichwani, kwa panzi ni fupi na nene. Za senene ni nyembamba kama unywele na hupita urefu wa mwili, mara nyingi maradufu. Sikio la panzi liko ubavuni, kwenye pingili ya kwanza ya tumbo; la senene liko mguuni, chini kidogo ya goti la mguu wa mbele, na kwa Conocephalus unaona ufa mwembamba kila upande wa muundi. Wayo wa senene una pingili nne, wa panzi na wa nyenje una tatu. Yule panzi mrefu mwenye kichwa cha mshazari, Acrida, huwachanganya wengi: kichwa kimechongoka kweli, lakini papasi zake ni fupi na bapa.

Pili, mtenge na senene-jani, wale wenye mabawa mapana kama jani la mti. Mgeuze chali utazame kati ya miguu ya mbele. Conocephalus ana miiba miwili midogo kifuani hapo. Senene-jani hana, na mara nyingi mabawa yake ya nyuma huchomoza nje ya yale ya mbele.

Tatu, mtenge na Ruspolia. Hapa angalia kipaji, yaani kipande cha utosi kinachotokeza kati ya mashina ya papasi. Kwa Conocephalus kimebanwa pande mbili na ni chembamba kuliko pingili ya kwanza ya papasi. Kwa Ruspolia ni kipana, cha mviringo kama ncha ya kidole, na chini yake kuna mwanya mdogo unaokitenga na uso. Ukiona kipaji kirefu kilichochongoka kama msumari, fikiria Pseudorhynchus. Lenzi ya mkononi ya mara 10 inatosha kwa haya yote.

#2 Jaruba_Nzega

Shukrani mkuu. Kwenye majaruba ya mpunga huku Nzega wapo tele, kijani, mstari wa kahawia kutoka utosini hadi mgongoni. Baadhi mabawa yao ni mafupi kama ukucha. Wakulima wanasema hao ni watoto wa senene wa kula. Je, ni watoto, au ni spishi yenye mabawa mafupi?

#3 PapasiNdefu

Swali zuri, maana kosa hili ndilo linaloharibu rekodi nyingi. Mtoto, yaani tunutu, na mkubwa mwenye mabawa mafupi hutofautishwa kwa mpangilio wa mabawa, wala si kwa urefu wake. Kwa tunutu wa hatua za mwisho vichipukizi vya mabawa vimegeuka: kile cha nyuma kimelala juu ya kile cha mbele. Akijibadili ngozi mara ya mwisho mpangilio unarudi, bawa la mbele linakaa juu na kulifunika la nyuma. Kwa hiyo ukiona kibawa cha juu chenye umbo la pembetatu na mishipa iliyotanuka kama kipepeo cha kujipepea, huyo ni tunutu. Ukiona bawa la juu lina mishipa ya urefu kama kawaida, na kwa dume lina sehemu ngumu ya kuimbia karibu na shingo, huyo ni mkubwa hata kama bawa halifiki katikati ya tumbo.

Kwa jike kuna dalili ya pili. Upanga wa mkubwa ni mgumu, umekauka, kingo zake zimekutana. Wa tunutu ni laini, mweupe au kijani hafifu, na mara nyingi bado mfupi. Usimpime tunutu ukaandika uwiano wa upanga, namba itakuwa ya uongo.

Tena spishi moja inaweza kuwa na aina mbili za wakubwa, wenye mabawa marefu na wenye mafupi. Kwa baadhi ya Conocephalus imeonekana kwamba tunutu wakilelewa kwa msongamano, wengi hutoka na mabawa marefu. Urefu wa bawa pekee hautengi spishi. Uandike, lakini usiutegemee.

Na mstari wa kahawia mgongoni usikubabaishe, karibu jenasi nzima wanao. Kinachosaidia ni umbo lake: je, unapanuka kuelekea nyuma ya pronoto, ile ngao ya shingoni? Una kingo nyeupe au njano pande zote mbili?

#4 MbugaNyeusi

Niongeze upande wa kuwakamata, maana mbinu mbaya huleta mdudu asiye na mguu, na bila paja la nyuma huna uwiano.

Senene mdogo akikuona harukii mbali kwanza. Huzunguka bua akajificha upande wa pili, miguu imenyooshwa sambamba na jani, papasi zimelala mbele. Tumia tabia hiyo: peleka kiganja polepole nyuma ya bua, naye atazunguka kuja upande wako, hapo mfunike na kichupa chenye mdomo wa sentimita 4 hivi, mfuniko ukiingia kutoka nyuma. Usimshike kwa mguu mmoja wa nyuma kamwe. Huuachia mguu mwenyewe ukatoka mzima kwenye nyonga. Mshike kwa kifua, mabawa yakiwa yamefungwa.

Kwa hesabu tumia wavu wa kufagia, mdomo wa sentimita 38, kitambaa cha turubai jepesi au marekani. Wavu wa tuli wa kukamatia vipepeo huchanwa na nyasi za mbuga siku ya kwanza. Fagia mara 25 kwa mwendo mmoja, hatua moja kila fagio, kisha kunja mdomo wa wavu na utoe. Rudia seti 4 kila eneo, kwa kipimo kilekile, ndipo jaruba la Nzega lilinganishwe na bonde la Malagarasi. Usifagie nyasi zikiwa na umande mzito: maji hulowesha wavu, wadudu hugandana na mabawa huchanika. Saa tatu hadi saa tano asubuhi ni nzuri, nyasi zimekauka na jua halijawapa kasi.

Kila mdudu kichupa chake na kipande cha jani. Wanalana. Ukiweka wawili pamoja, hadi jioni mmoja hana miguu. Wala usiache vichupa kwenye dashibodi au kwenye mfuko wa nje wa begi. Jua la Tabora huua ndani ya dakika chache na mdudu hubadilika rangi kabla hujampiga picha.

Jambo la usalama. Kingo za Ziwa Tanganyika na maji yaliyotuama zina kichocho, hivyo vaa buti za mpira na usiingie maji bila sababu. Malagarasi na Ugalla zina mamba, usifagie matete yaliyo ukingoni mwa maji marefu. Ndani ya miombo kuna mbung'o, nao huvutwa na nguo za buluu na nyeusi. Vaa kaki au kijivu. Na ndani ya hifadhi yoyote, Gombe, Mahale au Ugalla, hukusanyi mdudu bila kibali cha maandishi.

#5 HeruJuu

Kaka PapasiNdefu, naomba utaje picha zipi hasa na vipimo vipi, ili mtu wa Kasulu au Buhigwe atume vitu kamili mara moja, asirudishwe rudishwe.

#6 PapasiNdefu

Dada HeruJuu, sawa kabisa. Mdudu akiwa hai kwanza, maana kijani hupauka kwenye spiriti ndani ya siku chache, na macho hubadilika mapema zaidi. Mweke kwenye friji ya kawaida, si ya kugandisha, dakika 5 hadi 10 atulie, halafu mweke kwenye kimfuko cha plastiki angavu kilichobanwa taratibu. Piga ubavu wa kushoto mzima, kutoka kipaji hadi mwisho wa mkia. Piga mgongo kutoka juu, pronoto iwe wazi. Piga kipaji kutoka juu na kutoka mbele. Mgeuze upige kifua kwa ile miiba miwili, na sahani ya chini ya mwisho wa tumbo.

Halafu serki ya dume kutoka juu kabisa, kamera wima. Picha hii ina thamani kuliko nyingine zote zikijumlishwa. Kwa Conocephalus serki huwa na jino moja upande wa ndani. Kinachotenga spishi ni jino limekaa katikati au karibu na ncha, lina urefu gani, na ncha yenyewe ni butu, bapa au imechongoka. Ukipiga kwa mshazari jino hujificha nyuma ya mwili wa serki, nawe utaapa halipo. Kama mabawa yanafunika, yainue kwa ncha ya brashi laini. Simu yenye lenzi ya kubandika inatosha, ila piga kwenye mwanga wa kivuli. Jua kali hung'arisha ngozi na kufuta umbo.

Vipimo: kaliperi ya kusoma milimita 0.1. Mwili kutoka kipaji hadi mwisho wa tumbo, bila mabawa wala upanga. Pronoto kwa mstari wa katikati. Bawa la mbele. Paja la nyuma. Upanga kutoka ukingo wa nyuma wa sahani ya chini hadi ncha, kwa mstari ulionyooka hata kama umepinda. Urefu wa mwili ndio kipimo kibaya zaidi kwa sababu tumbo hutanuka likiwa na mayai na hunywea likikauka. Pronoto na paja havibadiliki. Ndiyo maana tunagawanya upanga kwa paja. Mfano, upanga wa milimita 8 kwa paja la milimita 12 ni 0.67. Kuna spishi zenye upanga mfupi chini ya 0.7, na nyingine upanga hupita paja lote. Pima angalau watano kila jinsia ukiwapata, uandike kila mmoja peke yake. Wastani bila namba zake hauwezi kukaguliwa.

#7 SikioLaUsiku

Sauti imesahaulika. Dume huimba kwa kusugua mabawa: la kushoto liko juu, chini yake kuna mshipa wenye meno kama tupa, na ukingo wa bawa la kulia ndio unaokwaruza. Kwenye bawa la kulia kuna utando mwembamba unaong'aa, kioo, unaokuza sauti. Nyenje ni kinyume, kwao la kulia ndilo la juu. Hiyo ni dalili ya haraka ukiwa na mabaki tu ya mdudu.

Shida ni kwamba sauti ya Conocephalus iko juu sana, sehemu kubwa imepita kilohezi 20 ambazo ndizo mwisho wa sikio la kijana. Mtu mzima hupoteza hata zilizo chini ya hapo. Mtu akisema hapa hawaimbi, huenda ni masikio yake. Simu nyingi hurekodi sampuli 44,100 au 48,000 kwa sekunde, na nusu ya hapo ndiyo kikomo: kilohezi 22 au 24. Kwa senene wa kula simu hukupa kitu cha maana, kwani yule hutoa mvumo mmoja mzito wa usiku usiokatika. Kwa hawa wadogo simu hukupa mdundo tu, si umbo la sauti. Unahitaji kinasa cha sampuli 192,000 au zaidi.

Hata mdundo una faida ukirekodi vizuri. Tumia programu inayohifadhi WAV, zima kichujio cha kelele, kaa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwa mdudu, dakika 2 mfululizo. Usitume kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Hubana faili na kukata masafa ya juu, yaani hukata kitu chenyewe unachokitafuta. Andika jotoridi hapohapo kwenye nyasi, kivulini. Mdudu huyuhuyu nyuzi 18 alfajiri ya Manyovu na nyuzi 30 mchana wa Uvinza huimba kwa kasi tofauti kabisa, na asiyejua atahesabu spishi mbili. Andika pia kama kuna vidonoo vya tik-tik kabla ya mvumo au ni mvumo mtupu. Halafu mkamate yuleyule aliyeimba. Rekodi isiyo na mdudu wake ni nusu ya ushahidi.

#8 SandukuLaPini

Kuhifadhi, kwa ufupi kadiri niwezavyo.

Kwa DNA, ng'oa mguu mmoja wa kati wa kulia, weka kwenye ethanoli ya 96%, badilisha ethanoli baada ya saa 24. Mwili mzima usiuweke kwenye 96%, unakuwa mgumu na kuvunjika, tumia 70%. Ukiwa na ya 96%, changanya mililita 73 na maji safi mililita 27, umepata 70. Ethanoli iwe mara kumi ya ujazo wa mdudu, vinginevyo maji ya mwili huishusha nguvu na tumbo huoza. Spiriti ya dukani ya zambarau inatia rangi na ina methanoli, bora usitumie.

Kwa pini, mgandishe usiku mmoja, kisha pini namba 1 au 2, kupitia sehemu ya nyuma ya pronoto, kulia kidogo kwa mstari wa kati, ili upande wa kushoto ubaki mzima. Inua bawa la kushoto la dume kidogo kwa karatasi wakati linakauka, tupa ionekane baadaye bila kulowesha upya. Nyoosha serki na upanga sasa. Vikikauka vimepinda, basi. Senene wa kula ni mkubwa, lazima umtoe utumbo: chana chini ya tumbo kwenye utando wa ubavu, pingili ya 2 hadi ya 5, usifike mkiani, toa utumbo kwa kibano, jaza pamba kidogo. Hawa wadogo hawahitaji, mradi wakauke haraka.

Na hapo ndipo Kigoma inapotutesa. Masika unyevu ni mwingi, mdudu wa pini hukaa siku nne bado laini na ukungu unaanza kwenye papasi. Sanduku la mbao lenye balbu ya wati 25, joto lisipite nyuzi 40, siku mbili hadi tatu. Baadaye sanduku la kufunga vizuri lenye silika jeli. Miguu ya meza ya kukaushia iwe kwenye vikopo vya maji yenye sabuni, la sivyo sisimizi wanamaliza tumbo usiku mmoja na kukuachia mabawa.

Lebo: penseli au wino usiofutika, karatasi isiyo na asidi, nchi, mkoa, wilaya, mahali, latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe, makao, mkusanyaji. Mwezi kwa namba za Kirumi, 7.iv.2024, ili asitokee mtu akasoma Julai 4.

#9 MbugaNyeusi

Naunga mkono, na nitilie mkazo alama ya kutoa kwenye latitudo. Kigoma mjini ni karibu −4.88, 29.63. Ukisahau hiyo kutoa, mdudu wako anatokea jirani na Maridi, Sudan Kusini. Desimali nne zinatosha, ni kama mita 11 hivi. Na "makao" isiwe neno nyasi peke yake. Andika: jaruba lenye mpunga unaochanua, maji sentimita 5, au mbuga ya udongo mweusi iliyokauka, nyasi urefu wa goti, au mafunjo ukingo wa kijito ndani ya miombo.

#10 Jaruba_Nzega

Wakuu, nimefuata maelekezo. Jaruba, mpunga unaochanua, mabawa marefu tu. Madume matatu: pronoto 3.0, 3.1, 3.2; bawa la mbele 14.9, 15.6, 15.8; paja 10.9, 11.2, 11.4. Jike mmoja: paja 12.3, upanga 7.4, umenyooka. Kifuani miiba miwili ipo. Kipaji chembamba. Bawa la mbele lina safu ya madoa ya kahawia iliyokoza katikati kwa urefu. Serki ina jino moja ndani, ncha nyembamba. Picha za juu zimewekwa.

Pia wakulima wanauliza wapulizie dawa au la.

#11 PapasiNdefu

Kazi safi sana. Uwiano wa jike ni 7.4 kwa 12.3, yaani 0.60, upanga mfupi. Mabawa marefu yanayopita magoti, safu ya madoa, serki ya namna hiyo: hapa tuko kwa Conocephalus maculatus, aliyeelezwa na Le Guillou mwaka 1841. Jina lenyewe kwa Kilatini ni "mwenye madoa". Ameenea Afrika, Asia hadi Australia, na mpunga ni moja ya makao yake, kwa hiyo si ajabu kumkuta Nzega.

Wa kumlinganisha naye ni Conocephalus conocephalus, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1767, naye yupo kusini mwa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, anapenda palepale penye maji. Madoa hufifia kwa mdudu mzee au aliyekaa kwenye spiriti, ndiyo maana nimesubiri serki kabla ya kusema. Zilinganishe picha zako za juu na picha kwenye hifadhidata ya Orthoptera Species File, serki kwa serki, usilinganishe mwili mzima.

Kuhusu dawa: msipulizie kwa ajili ya hawa. Senene wadogo hula mbegu za nyasi, chavua na sehemu za maua, hivyo watatafuna vichanua kidogo. Lakini hula pia mayai na wadudu wadogo. Kwenye mpunga wa Asia, Conocephalus longipennis anajulikana vizuri kwa kula mayai ya viwavi wanaotoboa mabua. Ukiona bua la kati limekufa jeupe, mhalifu ni kiwavi ndani ya bua. Pasua bua utamkuta. Dawa itaua mlinzi na kumwacha aliye ndani.

Na waambiwe: hawa si watoto wa senene wa kula. Tunutu wa Ruspolia ana kipaji kipana tangu mdogo. Ukisoma vitabu vya zamani utamkuta senene wa kula kwa jina la Homorocoryphus nitidulus au Ruspolia nitidula. Ni yuleyule tunayemwita leo Ruspolia differens. Rangi zake za kijani, kahawia na hata zambarau hazimfanyi kuwa spishi tatu.

#12 HeruJuu

Hapa Buhigwe, mwinuko mita 1,620, ukingo wa msitu na nyasi fupi, kuna mwingine. Ni wakubwa, bawa la juu liko juu kweli, lakini halifiki hata theluthi ya tumbo. Mweusi ubavuni, kijani kidogo usoni. Majike watatu, upanga kwa paja: 0.91, 0.94, 0.95, umepinda juu kidogo. Madume bado. Nikiangalia kwenye mtandao sioni kama yeye. Inawezekana ni spishi mpya?

#13 PapasiNdefu

Dada, kwanza hongera kwa kuangalia mpangilio wa mabawa. Kwa sasa lebo yake iandikwe Conocephalini, spishi haijatambuliwa, Buhigwe. Conocephalini ni kundi pana lenye Conocephalus na ndugu zake; usiandike hata Conocephalus bado. Afrika Mashariki kuna kundi la Karniellina, lenye jenasi kama Karniella, Melanoscirtes na Fulvoscirtes, wadogo, wengi weusi au kahawia, mabawa mafupi sana. Kwa madume mara nyingi mabawa hufichwa karibu yote chini ya pronoto iliyorefuka. Majike wa makundi haya hufanana mno. Bila dume hakuna jibu.

Milimani wadudu wasioruka hukwama kilele kwa kilele, kila mlima unaweza kuwa na wake. Yngve Sjöstedt alipoongoza msafara wa Waswidi Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, miongoni mwa aliowaeleza baadaye yumo Conocephalus kilimandjaricus, na Claudia Hemp amefanya kazi kubwa ya kuwapanga wa milima ya kaskazini mashariki kwa serki, sauti na kromosomu. Kwa hiyo kutomwona mtandaoni hakumaanishi hana jina. Huenda jina lipo kwenye chapisho la zamani na mdudu wa mfano, yule aliyetumiwa kutoa jina, yuko sandukuni Stockholm, London au Berlin.

Njia ya kumweleza mpya ni hii. Unapata madume yasiyopungua matano na majike kadhaa kutoka sehemu hiyo, na ikiwezekana sehemu ya pili. Unawalinganisha na vielelezo vya asili vya kila spishi inayokaribia, kwa picha au kwa macho. Unachagua mmoja, kwa kawaida dume lenye serki kamili, awe holotaipu, yaani mdudu mmoja anayebeba jina la spishi. Tangu mwaka 2000 jina jipya halikubaliki bila kumtaja huyo waziwazi. Lazima useme atahifadhiwa kwenye mkusanyo gani, na sanduku la nyumbani si mahali pake. Unaandika maelezo yanayosema anatofautianaje na jirani zake, si maelezo ya uzuri wake tu. Ukichapisha kwa njia ya elektroniki, kazi isajiliwe ZooBank, rejista ya majina ya kisayansi ya wanyama, na usajili huo uonekane ndani ya chapisho. Kanuni hiyo ipo tangu 2012. Jina lililotupwa kwenye jukwaa kama hili halina nguvu, na linaweza kumvurugia atakayelichapisha ipasavyo, kwa hiyo tusimpe jina hapa.

#14 SikioLaUsiku

Kwa kumtafuta dume wa Buhigwe: mabawa mafupi kiasi hicho maana yake sauti ni ndogo na ya juu sana, usitegemee sikio. Fagia chini, sentimita 10 hadi 20 kutoka ardhini, si ncha za nyasi, na utumie wavu mdogo wa sentimita 25 unaopenya kwenye vishina. Au kung'uta vichaka vya ukingo wa msitu juu ya shuka jeupe.

#15 HeruJuu

Madume wawili wamepatikana, sentimita 15 kutoka chini, kwenye nyasi za kivuli. Mabawa yamefichwa chini ya pronoto, ncha tu inaonekana. Pronoto 4.6 na 4.8, imerefuka nyuma. Paja 11.0 na 11.3. Serki nene shinani, inapinda ndani. Mmoja hana papasi ya kushoto.

#16 PapasiNdefu

Pronoto hiyo inamtoa kwenye Conocephalus: dume wa paja la 11 tungetarajia pronoto ya 3 hivi, kama zile za Nzega. Badili lebo iwe Karniellina. Aliyepungukiwa papasi weka kwenye ethanoli ya 70% baada ya kutoa mguu wa DNA. Mzima mgandishe, mchome pini, na uinue pronoto taratibu akiwa bado laini ili tupa ionekane. Hesabu meno ya tupa kwa hadubini, upime urefu wake kwa milimita zenye desimali mbili. Serki ipigwe kutoka juu, kutoka ubavuni na kutoka chini, tatu, kwa sababu serki iliyopinda ndani huonyesha jino tofauti kila upande. Unahitaji madume wengine watatu kutoka hapohapo, na ukingo mwingine wa msitu upande wa Manyovu ufagiwe kwa kina kilekile.